Siku moja na Kiingereza cha kazini, Mji Mkongwe

Saa 11:30 alfajiri. Nikishasali sirudi kulala. Watoto hawajaamka, kwa hiyo naweza kusoma kwa sauti. Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe, basi nasoma maelezo yaleyale ninayowapa wageni, najirekodi kwenye simu, kisha nasikiliza. Leo nimeshika photograph, photographer na photographic. Ni ukoo mmoja lakini mkazo unahama: kwanza uko FO, kisha TO, kisha GRA. Kiswahili chetu mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, na kila irabu inapata haki yake. Kiingereza kinaipa silabi moja nguvu, nyingine kinazimeza. Napiga kofi kwenye ile yenye nguvu mpaka inakaa. Irabu ikipinda kidogo mgeni anavumilia, ila mkazo ukikosea mahali neno zima linampotea.

Saa 1:30 asubuhi. Daladala, Amani hadi Darajani. Nanong'ona vitenzi vya wakati uliopita: worked inaishia kwa sauti ya t, lived kwa d. Silabi inaongezeka pale tu kitenzi chenyewe kinapoishia na t au d, kama wanted.

Saa 3. Wageni wanne: mke na mume Waingereza, na marafiki zao wawili Waitalia. Tunaanzia Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Hapa sitaki maneno ya mapambo. Nasema taratibu: people were brought here, people were sold here. Kauli ya kutendwa naitumia kwa makusudi, maana nataka waliouzwa ndio watangulie kwenye sentensi.

Nyuma ya madhabahu amezikwa Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi. Alikuja Unguja akajifunza Kiswahili, akaandika hadithi alizosimuliwa na wenyeji, na mwaka 1870 akachapisha kitabu cha kufundishia lugha yetu. Mimi kila nikipita pale napata moyo.

Saa 5. Jua limepanda. “I could murder a cup of tea,” anasema yule mama wa Kiingereza huku akijipepea. Waitalia wametoa macho. Maana yake hamu ya chai imemzidi, basi nimewapeleka mkahawani. Tulipokaa nikamuuliza: hii mnamwambia mtu yeyote? Akanieleza kuwa ni ya vyakula na vinywaji, na ya watu waliozoeana. Nimeiandika kwenye daftari pamoja na nani kaisema, wapi, na kumwambia nani, kwa sababu nahau bila hivyo haina faida.

Na hapa nina msimamo. Nahau za kuzielewa ziwe nyingi, za kuzisema ziwe chache. Wageni wetu wengi ni Waitalia, Wafaransa, Wajerumani, Wapoland. Kiingereza wamejifunza kama sisi. Ukiwamwagia nahau za London unawafungia mlango. Wanachohitaji ni sarufi iliyonyooka na mkazo mahali pake. Nawaona vijana wanakariri nahau kurasa kwa kurasa, na kutamka 1873 bado kunawapa tabu. Inaniuma, kwa sababu bidii wanayo.

Saa 7 mchana. Nimeagana na wageni, nimesali, nimekula wali na maharage Darajani.

Saa 10 alasiri. Darasani. Sisi watu wa pwani tuna bahati: th ya thelathini na dh ya dhahabu tumezaliwa nazo, kwa hiyo think na this zinatoka zenyewe. Shida yetu ni mwisho wa neno. Maneno yetu yanaishia na irabu, basi cab tunaitamka “kabu”. Mwalimu akasema, “Mwanangu, usiongeze irabu mwishoni. Irefushe ile ya kati.” Ni kweli kabisa: sikio la Mwingereza linatofautisha cap na cab zaidi kwa urefu wa irabu iliyotangulia kuliko kwa ile konsonanti ya mwisho. Back na bag ni vivyo hivyo, bet na bed vilevile.

Tunafanya wawili wawili. Mmoja anasema, mwenzake amegeukia ukutani asione midomo, anainua kidole kimoja kwa bet, viwili kwa bed. Kidole kikiwa sicho, msemaji anarudia. Sijaona zoezi linaloshinda hili. Baada yake tukashika walk na work, na hapo ndipo mdomo unapofanya kazi kwelikweli.

Saa 3 usiku. Naandaa maelezo ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883. Part of it collapsed in December 2020. Ukishataja tarehe, has haiingii; usipoitaja, has collapsed iko sawa. Wageni wa kesho wanatoka Poland. Nimeshawaandikia tukutane Forodhani saa 3 asubuhi, waje na kofia na maji, na waulize maswali watakavyo.