Lami Kwenye Bomba

Tulikuwa tunachoma singa za mkonge bila hewa, zigeuke kaboni yenye vitundu vya kunasa rangi majini. Bomba la kutolea gesi liliziba kabla tanuri halijafika nyuzijoto 400. Kesho yake tulilikuta limejaa lami ya kahawia, na singa za mkonge zimegandana, ukizigusa zinavunjika. Tuliweka gramu 40 za mkonge wa Tanga. Tukatoa gramu 6.

Tulikuwa tumepandisha joto nyuzi 10 kila dakika. Selulosi, ndiyo sehemu kubwa ya singa, ikipelekwa kasi namna hiyo, ikivuka nyuzi 300 hivi hufumuka ikawa levoglukosani, jamii ya sukari, nayo huruka kama mvuke pamoja na kaboni yake, kisha huganda kuwa lami pale bomba linapopoa. Selulosi yenyewe ina kaboni asilimia 44 tu. Hakuna ya kuchezea.

Tukaanza upya tangu kwenye sufuria. Singa tulizikata sentimita 5, tukazichemsha saa moja katika kostiki soda ya asilimia 2 ili nta na gundi vitoke, tukazisuuza mpaka karatasi ya litmasi isibadilike rangi. Zikalala usiku kucha katika maji yenye DAP (fosfeti ya diamonia) asilimia 5. Ndiyo, DAP ile ile ya wakulima, ila tulitumia ya maabara, kwa sababu punje za mbolea huacha tope. Fosfeti huiwahi selulosi: huinyang'anya maji joto likiwa bado la chini, kaboni ikabaki mahali pake.

Tulizikausha kwa nyuzi 105, tukapima tena gramu 40, tukapitisha naitrojeni nusu saa kufukuza hewa. Kutoka nyuzi 150 hadi 350 tulipanda nyuzi 1 tu kwa dakika, yaani saa 3 na dakika 20, halafu nyuzi 5 kwa dakika hadi 850. Bomba tulilizungushia mkanda wa umeme wa kupasha joto lisipoe. Tulisubiri tanuri lishuke chini ya nyuzi 100 ndipo tukafungua, maana kaboni ya moto ikikutana na hewa huwaka. Gramu 13, nyeusi, zinapindika bila kukatika!

Tukazirudisha nyuzi 850, safari hii kwa mvuke wa maji, dakika 40. Vitundu huchimbwa hapa: mvuke hula kaboni, zikatoka hidrojeni na monoksidi ya kaboni, ambayo ni sumu, kwa hiyo feni ya kuvuta hewa haikuzimwa. Ukizidisha muda, kuta za vitundu huliwa, vitundu jirani vikaungana, na singa hubaki unga.

Zilibaki gramu 8. Tulitia gramu 0.1 katika mililita 50 za maji yenye miligramu 5 za rangi ya bluu ya methilini, tukatikisa. Baada ya nusu saa maji hayakuwa na rangi tena.