Kabla hujamchukulia jirani RB kisa kiwanja, ielewe kesi ya kuingia kwa jinai

Hapa Tanzania watu wanawekana mahabusu kila siku kwa kosa la kuingia kwa jinai, na ukichimba unakuta kumbe ni ugomvi wa mpaka tu, jirani kasogeza nguzo za seng'enge hatua mbili, mwenzake kakimbilia polisi kuchukua RB, yaani namba ya taarifa iliyofunguliwa kituoni. Inaniuma sana hii kitu maana mara nyingi anayelala ndani ni yule asiye na hela wala wa kumsemea.

Kosa lenyewe liko kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kwenye toleo la 2022 ni kifungu cha 299. Na kukanyaga eneo la mtu peke yake hakutoshi kukufunga. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe uliingia isivyo halali kwenye mali iliyo mikononi mwa mtu mwingine, alafu uthibitishe na nia yako, kwamba ulienda kutenda kosa au kumtisha, kumtukana au kumuudhi yule aliyepo pale. Hata kama uliingia kwa ruhusa, mfano umekaribishwa vizuri kabisa alafu mkagombana ukaambiwa toka ukagoma ili umkere mwenyeji, hapo nako kosa lipo.

Angalia hayo maneno "mikononi mwa mtu mwingine", wengi wanayapita tu. Sheria inamlinda anayekalia mali hata kama hati haina jina lake, kwahiyo mpangaji ambaye bado yuko kihalali kwenye chumba chake analindwa pia, na baba mwenye nyumba anayevunja kufuli aingie kumtisha kisa kodi ajue anaweza kushtakiwa yeye!

Adhabu sasa. Kwa shamba au kiwanja kitupu ni kifungo kisichozidi miezi 3. Ikiwa ni nyumba au hema watu wanamoishi, nyumba ya ibada, au jengo la kutunzia mali kama stoo, inapanda mpaka mwaka 1. Hakimu anaweza pia kutoza faini badala ya kifungo. Ila mtu asijifariji kwamba miezi 3 ni midogo, kwasababu mara nyingi shtaka hili linakuja limeongozana na kuharibu mali, ukishang'oa mahindi ya mtu au kubomoa ukuta wake hiyo ya pili ni nzito zaidi. Na ni kosa lenye dhamana, dhamana hailipiwi, usikubali kudaiwa hela.

Sasa turudi kwenye viwanja maana ndiko kwenye matatizo. Mshtakiwa anasimama kizimbani anasema eneo ni langu, nilirithi kwa marehemu baba, mlalamikaji naye anatoa karatasi ya mauziano ina mhuri wa serikali ya mtaa, kila mmoja ana mashahidi wake. Hapo kesi ya jinai inakwama, na ndivyo inavyotakiwa. Kuna uamuzi kwenye ripoti za sheria za Tanzania za mwaka 1992 unaotajwa mno mahakamani, unasema shtaka la kuingia kwa jinai haliwezi kusimama kama umiliki wa ardhi yenyewe unabishaniwa na haujaamuliwa kwenye kesi ya madai. Na ina mantiki kabisa, utamfunga vipi mtu kwa kuingia kwenye shamba ambalo hujui kama ni lake au la?

Kwahiyo kama umekamatwa na unaamini kwa dhati eneo ni lako, sema hivyo kuanzia kwenye maelezo yako polisi, na kabla hujasaini hayo maelezo yasome au usomewe. Na kama wewe ndo mlalamikaji, anzia baraza la ardhi la kata, ambalo tangu mabadiliko ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha, halitoi hukumu tena, likishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30 unaenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Huko ndiko watakakoamua ardhi ni ya nani, nenda na karatasi zako za mauziano na majirani mnaopakana nao. Ukishinda huko alafu jamaa akarudi tena na jembe kukusumbua, hapo sasa polisi nenda, na nakala ya hukumu mkononi.