Pete ya Kidole cha Mguu

Jumamosi tulitoka Kondele na boda, mimi na kijana yangu, na jamaa aliyetubeba alikuwa amevaa akala na kicheni chembamba kwa kifundo cha mguu wa kulia. Mtoto alikuwa katikati yetu, kichwa chini, anaangalia ule mguu safari nzima. Tulipofika, hata sijafungua mlango, akauliza, "Baba, kwani yule ni msichana?"

Nikamwambia hapana. Akasema basi mbona amevaa kikuku. Nikamwambia avue viatu aingie ndani, na tangu hiyo siku sijatulia, juu hilo swali niliwahi kuulizwa mimi, na aliyeuliza hakuwa mtoto.

Ilikuwa Disemba 2005, tumefunga chuo Njoro, ule mwaka wa nywele ndefu, mnakumbuka. Akala zangu nilikuwa nimetengenezewa Kibuye siku ya Jumapili soko limejaa, fundi akanisimamisha juu ya kipande cha taya akachora mguu na chaki, akakata na kisu alichokuwa anachovya kwa maji ili raba isikishike, misumari midogo midogo, kamba mbili zinapishana juu, nikaondoka nazo hapo hapo. Zile zilikuwa viatu jamani. Shanga nazo nilipewa na askari wa usiku pale hosteli, Mmaasai, tulikuwa tunaongea sana nikisoma usiku. Nyekundu, nyeupe na buluu, zimeshonwa kwa waya ili zikae wima. Yeye alikuwa nazo miguu yote miwili, rungu mkononi, na sikuwahi kusikia mtu hata mmoja akimuuliza kama yeye ni mwanaume.

Basi nikafika nazo Alego. Wazee walikuwa wanajiandaa kupeleka mahari kwa wakwe wa kaka yangu na mimi nilikuwa kwa ile orodha ya vijana wa kwenda. Baba mdogo akatoka nje, tai, shati la mikono mirefu, viatu vya ngozi vinang'aa na soksi juu yake, na joto la Disemba kule kwetu mnalijua. Akaniangalia kutoka kichwani akashuka mpaka chini, akakaa huko chini. Akauliza mbele ya wote, "Wewe ni msichana wa nani?"

Watu wakacheka. Mama hakucheka, lakini pia hakusema kitu. Nikasema naweza kuvua shanga, akasema na hizo taya je, utaingia kwa wakwe vidole nje kama mtu ametoka kuchunga? Sikuwa na viatu vingine. Gari likaondoka, nikabaki na babu, ambaye magoti yalikuwa yamemkatalia safari kitambo.

Sasa hapa ndipo nataka kukaa kidogo.

Babu alikuwa kwa kiti chake kifupi nje ya nyumba, macho hayaoni vizuri, ameisikia ile kelele yote. Akaniita, "Nyakwara," yaani mjukuu wangu kwa Kijaluo, "lete huo mguu." Nikadhani ananitania. Akapiga goti lake na kiganja, kwamba hapa. Nikakaa chini nikamwekea mguu pale na nilikuwa naona aibu sana, juu mguu ulikuwa na vumbi na huyu ni mzee wa kanisa, mtu wa viatu vyeusi kila Jumapili. Akaanza kuzipapasa zile shanga moja moja na kidole chake, pole pole, akizunguka kifundo chote mpaka akarudi pale alipoanzia.

Akauliza, "Hii inalia?"

Nikasema, "La, kwara, hailii."

"Sasa inafanya kazi gani?"

Sikuwa na jibu. Nikasema inapendeza tu. Akaitikia mmh, si ya kukataa, si ya kukubali, ile mmh yake. Halafu akanituma ndani, chini ya kitanda, nilete mkebe wa Kimbo.

Mle ndani kulikuwa na gara, zile njuga za chuma, zimeshika kutu zimekuwa kama kitu kimoja, na chini yake pete. Pete nene ya chuma, kubwa kuliko kidole cha mkono chochote. Nilijua ni nini kabla hajasema, ni oduong'o, ile mpiga nyatiti anavaa kwa kidole gumba cha mguu wa kulia na kugonga nayo ukingo wa ala yenyewe, huku njuga zimefungwa mguu huo huo, na mikono iko kwa zile nyuzi nane, na mdomo unaimba. Mtu mmoja anafanya hayo yote. Nilikuwa najua babu alipiga nyatiti zamani, kama vile unajua jina la mtu aliyekufa kabla hujazaliwa. Alikuwa ameiacha alipookoka na hakuna aliyekuwa anaitaja.

Akajaribu kuivaa ikakataa. Kidole kilikuwa kimevimba kwa uzee. Akanipa mguu wake, sasa ni mimi nimeushika, nikaenda nikaleta mafuta ya kujipaka, nikapaka, nikazungusha pete pole pole mpaka ikapita pale kwa mfupa, na yeye amefunga macho, sijui ni maumivu au ni nini. Nyatiti yenyewe haikuwepo. Akasogeza mguu kwa ubao wa chini wa mlango, kisigino kimebaki chini, kidole kikainuka peke yake. Ta. Ta-ta. Ta. Ta-ta. Kile kidole kilikuwa kinajua kazi yake, mzee mwenyewe alikuwa ametulia kabisa, hata mabega hayasongi. Hakuimba. Midomo ilikuwa inatembea lakini sauti hakutoa.

Sijui tulikaa muda gani. Najua jua lilikuwa limefika kwa boma la ng'ombe.

Halafu ikakataa kutoka. Tulivuta, tukapaka mafuta tena, wapi. Gari likarudi likatukuta hivyo, mimi na shanga zangu, babu na chuma yake kidoleni, mafuta mpaka kwa mlango. Watu wakashuka wakinyamaza mmoja mmoja. Baba mdogo akasimama pale na tai yake imelegea. Akasema, "Baba?" Babu akasema, "Imekataa kutoka."

Nilingoja. Nilikuwa na hasira ya siku nzima na nilitaka amuulize na yeye, mbele ya wote, yeye ni msichana wa nani. Lakini baba mdogo aliingia ndani akatoka na karai ya maji na sabuni, akakunja lile shati lake, akapiga magoti kwa vumbi, akaosha ule mguu na kuitoa ile pete taratibu. Akaikausha kwa shati. Akaitia mfukoni mwake. Miguu yangu hakuiangalia tena na neno hakusema, si siku hiyo, si baadaye.

Mimi shanga nilizivua kesho yake asubuhi kabla ya chai. Hakuna aliyeniambia nivue. Nimejiuliza mara nyingi kama ni babu alinivua na lile swali lake, maana la baba mdogo lilinikasirisha tu lakini la babu liliingia. Pengine hakuwa ananikataza hata kidogo, pengine alitaka kujua kweli kama zinalia. Siku hizi nikimwona kijana mjini na kicheni chake natamani kumwambia avae, kwetu wanaume walipamba miguu tangu zamani na wakaitwa waende harusi na matanga kwa ajili hiyo hiyo. Halafu nasikia ile mmh.

Jana usiku mtoto akauliza tena, nikamweleza habari ya oduong'o, akataka kuiona. Nikampigia simu baba mdogo. Nikamuuliza ile pete ya babu iko wapi. Alinyamaza mpaka nikadhani netiweki imepotea. Akasema anayo, iko kabatini, ameikunja kwa leso, na kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuijaribu.