Kusaka peptidi za kuua bakteria kwenye sumu ya buibui: SEG ndiyo iliyokuwa inazificha

Hatimaye tblastn, programu inayotafuta protini ndani ya mfuatano wa DNA au RNA, imeziona kupiennini, peptidi za sumu ya buibui Cupiennius salei. Zilikuwamo kwenye transkriptomu (mkusanyo wa RNA zote za tezi ya sumu) ile ile iliyokula mega zote za wiki hapa Bukavu. Aliyekuwa anazifunika ni SEG, kichujio cha sehemu zenye herufi chache zinazojirudia, ambacho tblastn hukiwasha yenyewe kwa vipimo 12 2.2 2.5. blastp, inayolinganisha protini na protini, ikiwa ya kwenye kompyuta haikiwashi, ndiyo maana protini kwa protini kila kitu kilionekana kizima.

Chukua kupiennini 1a ya Cupiennius salei, asidi amino 35. Kuanzia ya 10 hadi ya 21 inasomeka AKKVAKTVAKQA: alanini 4, lisini 4, valini 2, threonini na glutamini moja moja. Entropia yake, yaani kipimo cha uanuwai wa herufi, ni biti 2.08 na ushee. SEG hufunika chochote kilicho chini ya 2.2, basi katikati yote inageuka X na pembeni vinabaki vipande visivyofikisha alama. Lisini zile zile zinazoing'ang'ania ngozi ya bakteria ndizo zinazoifanya programu ione takataka. Inaudhi!

Vipimo vinavyofanya kazi: -seg no -comp_based_stats 0 -word_size 2 -evalue 1000. Uchafu utaongezeka, uvumilie.

Lakini hata hivyo unapata ndugu wa karibu tu. Likotoxini za Hogna carolinensis (25 na 27), latarsini za Lachesana tarabaevi, oksiopinini 1 yenye 48: ukizipanga pamoja hazifanani. Kinachofanana ni ufungaji. Kwanza peptidi ya ishara (inayoielekeza protini nje ya seli), halafu propeptidi (kipande kinachokatwa na kutupwa) yenye chaji hasi, halafu mkato baada ya PQM, yaani asidi nne zinazoishia na arginini, na angalau glutamati moja kati ya tatu zilizotangulia. Nilikuwa nimepanga kujenga modeli ya HMMER, programu ya kutafuta familia za protini; imewekwa kando, mistari michache ya Python inatosha:

(?=((?:E..|.E.|..E)R))

Usiondoe ?= hapo mwanzo. Bila hiyo, alama zinazopandiana humezwa na mkato wa kweli unaweza kupotea. Na PQM peke yake ni legevu mno, inaokota kila protini. Kwa hiyo hesabu chaji: (K+R), lisini na arginini, toa (D+E), aspartati na glutamati, kwenye asidi 20 kabla ya mkato na 20 baada yake. Nabakiza zenye -3 au chini kabla, +4 au zaidi baada. Kupiennini 1a inapata +5, latarsini 2a inapata +6.

Gomesini niliitoa kwenye seti ya kupimia. Watu huichanganya na za sumu, kumbe ilitolewa kwenye seli za damu za Acanthoscurria gomesiana.

Kinachogoma bado ni vitangulizi (protini ndefu za kukatwa) vyenye peptidi kadhaa mfululizo. Kati ya moja na nyingine nafasi ni fupi, dirisha la 20 linachanganya chaji na ya pili inapotea. Baada ya mkato wa kwanza naacha sharti la chaji, natumia PQM pamoja na ile iliyogeuzwa, R ikiwa mbele. Marudio yenyewe yanaivuruga pia Trinity, programu inayounganisha vipande vya RNA, maana k-mer yake (urefu wa kipande inacholinganisha) ni 25, na inataka karibu GB 1 ya RAM kwa kila jozi milioni za vipande. Umeme ukikatika katikati, hapo ni kilio. Gawa kazi kwa spishi.

Sheria ya glisini ya mwisho kuwa amidi itangoja. Sasa nazitazama sito-insektotoksini za Lachesana, asidi 69, kama peptidi mbili fupi zilizounganishwa: mkataji wangu asizipasue.