Vidonda vya tumbo: dozi ya kwanza niliiharibu mwenyewe

Nianze na aibu yangu. Huu ni mwaka wa 12 nauza dawa hapa Tanga, na vidonda vyangu vya tumbo nilivitengeneza kwa mkono wangu, kutoka rafu iliyo nyuma ya kiti changu. Kiuno kikikaza kwa kukaa sana, diklofenaki. Kichwa kikigonga, diklofenaki. Kiungulia kikipanda baada ya hapo natafuna magnesiamu mbili, naendelea kuhudumia. Mteja akija na mchezo huohuo nilikuwa namsomea hotuba nzima.

Hotuba yenyewe ni hii. Tumbo hutoa karibu lita mbili za maji yake kwa siku, na asidi iliyomo ni kali, pH 1 hadi 2 likiwa tupu (pH ni kipimo cha ukali, namba ikishuka ukali unapanda). Asidi hiyo inamaliza nyama ya mbuzi, ingeshindwaje na nyama ya tumbo lenyewe? Kinachozuia ni ute mzito uliopakaa ukuta wa ndani, wenye bikaboneti ya kuizimua asidi kabla haijagusa ngozi. Anayeamuru ute huo utengenezwe ni kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini. Sasa diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hukata maumivu kwa kuzizuia prostaglandini, na hazichagui mahali: zinazuia za kiunoni na za tumboni pamoja. Ndiyo maana ushauri wa "chomwa sindano tu, haipiti tumboni" ni wa bure. Sindano inaingia kwenye damu, damu inafika tumboni, ute unapungua vilevile.

Mimi maumivu yalikuwa chini ya chembe ya moyo, kidole kimoja kinatosha kuonyesha. Nasema hivi kwa sababu nusu ya wanaoniambia "nina vidonda" hushika chini ya kitovu. Pale hapana tumbo, pale ni utumbo, na mambo yake ni mengine. Yangu yalikuwa yananiamsha saa nane usiku, nikila kitu yanalala. Mtindo huo mara nyingi ni wa kidonda cha mwanzo wa utumbo mdogo, pale chakula kinapotokea tumboni. Cha tumbo lenyewe mara nyingi huchokozwa na kula. Si sheria, ila inasaidia kueleza kwa daktari.

Ushauri ukaanza kumiminika. Bibi jirani, ninayemheshimu sana, aliniita barazani: "Mjukuu wangu, kunywa maziwa kabla ya kulala, yanapoza." Nikaitikia naam bibi, nikaingia kazini kwa bidii zote. Usiku wa kwanza glasi moja, saa nne. Ndani ya dakika tano tumbo kimya kabisa, nikamshukuru bibi mpaka usingizi ukanichukua. Saa saba na nusu nimekaa kitandani nimejikunja kama kamba aliyekaangwa. Nikadhani glasi ni ndogo. Usiku wa pili nusu lita, nikaamka saa saba kamili. Usiku wa tatu nikayachemsha na asali, maana bibi alisema baridi ndiyo iliyoharibu. Siku hizo nilikuwa naandika saa kwenye daftari la madeni ya wateja, pembeni ya majina yao, na baada ya juma zima picha ilikuwa wazi: kadiri maziwa yanavyozidi ndivyo ninavyoamka mapema. Sababu yake naijua, nilisomeshwa, nikajifanya nimesahau. Maziwa yanapoza kwa muda mfupi, lakini protini na kalsiamu yake zinaliita tumbo litoe asidi zaidi. Yenyewe yakishapita kwenda utumboni, asidi iliyoitwa inabaki bila kazi, inatafuta kidonda.

Shubiri nayo nilinywa. Nilihara siku mbili, tumbo likauma palepale. Baking soda hii ya maandazi, kijiko kwenye maji, inatuliza kweli, na unabeua mbeuo mrefu ambao watu husema ni gesi inatoka. Gesi hiyo hukuwa nayo: soda ikikutana na asidi ndipo inazaliwa, kabonidayoksaidi, umeitengeneza mwenyewe sasa hivi. Mwenye presha aiache kabisa, imejaa sodiamu. Pilipili niliambiwa niiache, sikuiacha. Inaweza kuwasha kidonda kilichopo, lakini haikichimbi, na mtu wa Tanga kula muhogo bila chachandu ni adhabu isiyo na kosa.

Mchimbaji mwingine, mbali na diklofenaki, ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Anajificha chini ya ule ute, na ana kimeng'enya kinachovunja urea kutoa amonia, hivyo anajizungushia kiputo kisicho na ukali na kuishi ndani ya asidi. Zamani hata madaktari walilaumu mawazo na viungo vya chakula, mpaka Barry Marshall wa Perth, Australia, mwaka 1984 alipokunywa mchuzi uliojaa bakteria hao na tumbo lake likavimba kwa ndani. Yeye na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Mimi hata nikinywa wa glasi nzima sipewi chochote.

Kipimo cha damu, kile cha haraka, usikihangaikie sana. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza kupigana na mdudu, na kingamwili hubaki miezi, hata miaka, baada ya mdudu kufa. Nilipima choo, kipimo kinachotafuta chembe za mdudu mwenyewe, elfu ishirini na kitu kama sikosei. Chanya.

Daktari akaandika dozi ya kawaida ya siku 14: omeprazo miligramu 20 ya kupunguza asidi, na antibaiotiki mbili, amoksilini gramu moja, yaani mbili za miligramu 500, na klarithromaisini 500, zote asubuhi na jioni. Mwenye mzio wa penisilini amwambie daktari hapo hapo, amoksilini itatolewa. Nikabeba dawa na kiburi cha muuza dawa, sikusoma hata karatasi. Nikashiba kwanza, kisha nikameza zote kwa mpigo, kwa sababu "dawa kali hunywewa na chakula".

Kosa ni omeprazo. Kidonge chake kina punje zilizopakwa kinga, ndiyo maana hatutafuni wala hatusagi. Zinapita tumboni salama, zinayeyukia utumboni, zinaingia kwenye damu na kurudi kuzifunga pampu za asidi. Inazifunga zile tu zilizo kazini, na pampu huamka mtu anapokula. Katika damu haikai, baada ya saa moja hivi nusu yake imeshaondoka. Kwa hiyo inatakiwa iwe inazunguka tayari chakula kinapofika: nusu saa hadi saa moja kabla. Ukiimeza umeshiba, inachelewa kwenye foleni nyuma ya ugali, pampu zimeshafanya kazi na kulala. Na asidi ikibaki juu, hizo antibaiotiki mbili zinafanya kazi kwa kuchechemea.

Juu ya hilo, siku ya tano mdomo ulianza ladha ya chuma, kana kwamba nanyonya ufunguo. Ni klarithromaisini, inajulikana, inakwisha dozi ikiisha. Nikaruka jioni mbili, tatu, nile kwa raha. Nilipomaliza nikakimbilia kipimo juma la pili, huku bado nameza omeprazo. Hasi! Nikajizawadia biriani. Mwezi haukuisha, saa nane usiku ikarudi. Ile hasi ilikuwa ya uongo: omeprazo inamfanya mdudu awe haba na kipimo kimkose. Hesabu yake ni wiki nne tangu antibaiotiki ya mwisho, na wiki mbili bila omeprazo, ndipo upime. Magnesiamu ya kutafuna katikati ya hapo unaruhusiwa.

Mara ya pili usikubali kurudishiwa klarithromaisini ileile, mdudu aliyeponea ana uwezekano mkubwa wa kuwa sugu. Nilibadilishiwa: bismathi na tetrasaiklini mara nne kwa siku, metronidazo mara tatu, omeprazo mara mbili, siku 14. Bismathi ilibidi iagizwe Dar, na bei yake sitaki kuikumbuka. Tetrasaiklini haitaki maziwa wala magnesiamu karibu yake, acha saa mbili, la sivyo zinashikana na zinatoka nazo chooni. Metronidazo na pombe ni ugomvi wa kutapika. Bismathi hugeuza choo na ulimi kuwa vyeusi. Asubuhi ya kwanza nilijitazama kwenye kioo nikadhani nimemlamba fundi makanika.

Sasa ujanja wangu, na hapa naomba nijisifu. Dawa nyingi hivyo kengele ya simu haitoshi, unaizima ukiwa na mteja. Nikafunga omeprazo kwenye adhana. Ya kwanza nikitoka kuswali Alfajiri, chai baada ya dakika 45. Ya pili baada ya Magharibi, na chakula cha usiku nikakihamishia baada ya Isha. Kati ya Magharibi na Isha hapa kwetu ni saa moja na kidogo, yaani kipimo kimepangwa kila siku na mtu mwenye kipaza sauti. Zile nyingine nilizifuatisha milo na kulala. Sikukosa hata kimoja. Wiki nne baadaye nikapima choo kwa utaratibu: hasi ya kweli.

Baada ya kipimo omeprazo niliirudia kwa ushauri wa daktari, kwa sababu ya ule uharibifu wa diklofenaki. Nilipoacha ghafla kiungulia kikaruka juu karibu wiki mbili. Wengi hapo husema "vidonda vimerudi" na kuanza dozi nyingine. Ni pampu zilizofungwa muda mrefu zinafungua duka kwa fujo. Nilinyanyua miguu ya kitanda ya upande wa kichwani kwa matofali, sentimita kama 15. Mito miwili haifai, inakunja tumbo na kulikamua. Nikawa silali kabla ya saa tatu kupita tangu nile. Likatulia.

Wapo nisiowauzia kitu, nawaambia panda bodaboda sasa hivi. Anayetapika damu au kitu kama machicha ya kahawa. Mwenye choo cheusi kinachonata kama lami na harufu nzito, ingawa kwanza namuuliza kama anameza vidonge vya kuongeza damu au bismathi. Aliyeshikwa na maumivu ya ghafla na tumbo limekuwa gumu kama ubao. Anayekonda, au chakula kinakwama kooni. Na mzee anayetokwa jasho jingi huku "kiungulia" kinapanda tayani na mkononi, huyo ni wa moyo mpaka ithibitike vinginevyo.

Kiuno bado kinauma. Nameza parasetamo, na kiti cha dukani nimekibadilisha.