Nilivyopata kibali cha kazi Kampala, baada ya "wakili" wa kwanza kunila pesa

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa Mombasa, na sasa naishi Kampala upande wa Nsambya. Nilifuata kazi. Tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipopitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe katika shule za msingi na sekondari, shule za binafsi zimekuwa zikitafuta walimu, na moja ikanipata kupitia rafiki. Nikapanda basi mwisho wa Januari. Mpakani Busia nikagongewa muhuri wa mgeni wa miezi sita, bure, kwa kuwa natoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Muhuri ule ndio ulionipoteza. Nilidhani miezi sita ni ya kila kitu, na kufundisha kumo.

Shuleni mhasibu aliniambia kibali "kinashughulikiwa". Februari ikaisha kikishughulikiwa. Machi nikaamua kwenda mwenyewe makao ya uhamiaji, Jinja Road, na hata getini sikufika. Pale nje, walipojipanga wapiga picha za pasipoti na watu wa fotokopi, kijana mmoja nadhifu, shati limenyooka kwa pasi, bahasha ya kaki kwapani, akanisalimia kwa Kiswahili. Kampala ukisalimiwa kwa Kiswahili kizuri moyo unalainika, hasa ukiwa mgeni. Kadi yake ilisema ni mshauri wa sheria za uhamiaji. Mimi nikamwita wakili. Hakunisahihisha.

Alitaka shilingi za Uganda milioni moja na laki nane: milioni moja na nusu ya "ada ya serikali", laki tatu zake. Nilimtumia kwa simu mara mbili. Risiti akaniandikia kwa mkono kwenye kile kitabu cha risiti kinachouzwa madukani, bila muhuri wala jina la ofisi. Kuanzia hapo ikawa ni hadithi: faili liko juu, mkubwa yuko semina, mtandao umelala. Nilimpigia hadi nikajua kwa mlio wa simu kama yuko mjini au la. Alijaza maombi, alisema, kwa barua pepe yake mwenyewe "ili iwe rahisi kufuatilia". Rahisi kwake, maana mimi sikuwa na njia ya kuona chochote.

Aliyenizindua ni mama mwenye nyumba wangu, Mnubi wa Bombo, ambaye Kiswahili chake cha kambi za jeshi hunichekesha na changu cha pwani humchekesha yeye. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, huyo wakili wako, cheti chake umekiona?" Nikamjibu nimeona kadi. Akaguna, akaenda ndani, akarudi na namba ya wakili aliyewasimamia katika kesi ya urithi wa marehemu mumewe, ambaye mambo ya uhamiaji pia anayafanya.

Ofisi ilikuwa orofa ya tatu, Kampala Road, lifti imekufa. Kwenye simu karani alikuwa ameshaniambia kwamba saa ya kwanza ni laki moja, nisaidiwe nisisaidiwe. Wallahi nilichukia. Yule wa bahasha ya kaki alikuwa ananipa maneno bure! Nilikwenda kwa sababu ya aibu tu, mama mwenye nyumba asije akaniuliza.

Wakili hakuanza na maelezo. Aliomba pasipoti, akatafuta muhuri, akahesabu kwa ncha ya kalamu. "Mwalimu, umebakiwa na siku arobaini na moja." Kisha akaniuliza ile ada ya serikali nililipa kwa namba gani. Namba gani tena? Akaeleza: Uganda fedha ya serikali haipitii mfukoni mwa mtu. Mfumo unatoa namba ya malipo ya Mamlaka ya Mapato, wanaiita PRN, nawe unalipa benki au kwa simu kwa namba hiyo, na malipo yanaonekana. Anayetaka ada ya serikali mkononi ameshakujibu yeye ni nani.

Halafu akanitazama. "Na wewe ni Mkenya?"

"Ndiyo."

"Basi ada ya kibali cha kazi hukupaswa kulipa hata shilingi. Uganda, Kenya na Rwanda zimeondoleana ada hiyo. Maombi lazima uyapeleke, karatasi ni zilezile, lakini ada hakuna."

Nikanyamaza. Mimi ndiye ninayewasimamisha watoto darasani wakariri kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Nikajitetea kwa ushauri niliopewa na nusu ya walimu wenzangu: panda basi Ijumaa, vuka Busia, kunywa chai upande wa Kenya, rudi na muhuri mpya, una miezi sita mingine. Alicheka, kwa upole. Muhuri unaniruhusu kuwepo, akasema, kufundisha kunataka kibali, na ningeweza kuvuka Busia kila Ijumaa hadi nizeeke nikabaki mtu anayefanya kazi bila kibali. Kosa hilo lilikuwa langu na la shule pia, kwa sababu mwajiri anayemtumia mgeni asiye na kibali naye anavunja sheria. Sehemu hiyo ya pili hakuna aliyewahi kuniambia, na ndiyo iliyokuja kunisaidia.

Kabla sijaondoka nilimuuliza, nikiwa nimeinamisha macho, nitajuaje kwamba yeye ni wakili. Hakukasirika. Aliniashiria ukutani: cheti cha kufanya kazi ya uwakili cha mwaka ule. Kinakwisha kila Desemba 31, kinahuishwa kila mwaka, na ukiwa na shaka unauliza Baraza la Sheria, linalosimamia mawakili, au Chama cha Wanasheria cha Uganda. Nikajifunza na msamiati, mimi mwalimu wa msamiati. Mtu anaweza kuwa na shahada ya sheria akawa mwanasheria kweli, lakini kwa Uganda hawi wakili mpaka apite Law Development Centre, chuo cha mafunzo ya uwakili, aandikishwe, na awe na cheti hicho. Na yule wa Jinja Road? "Huyo hata Baraza la Sheria haliwezi kumwadhibu, maana si wetu. Huyo ni wa polisi."

Makubaliano yetu yaliandikwa kurasa mbili. Laki sita kwa kazi yote, nusu tukitia saini, nusu maombi yakiingia kwenye mfumo, liwalo na liwe. Hili la mwisho lilinikaa kooni. Nilitaka nilipe nusu ya pili kibali kikitoka. Akakataa katakata: yeye anauza kazi yake, uamuzi ni wa serikali, na atakayeniahidi uamuzi nimkimbie. Niliondoka nikiwa sijaridhika, lakini baadaye nilikumbuka kwamba yule wa kwanza aliniahidi wiki tatu. Akaunti ya maombi ilifunguliwa kwa barua pepe yangu mwenyewe, na nywila ninayo hadi leo.

Aina ya kibali changu ni daraja la G2, la waajiriwa, na hapo ndipo tulipogonga mwamba: karatasi nyingi ni za mwajiri. Barua ya shule ya kuniombea, barua ya uteuzi, usajili wa shule, uthibitisho wa kodi. Mhasibu kwa miezi minne alikuwa akisema nyaraka ziko kwa mkurugenzi na mkurugenzi yuko safarini. Wakili aliandika barua ya aya tatu kwa mwalimu mkuu, ya heshima tupu, ikitaja kifungu kinachohusu mwajiri. Nyaraka zilionekana siku ya pili. Mkurugenzi alikuwa bado safarini.

Upande wangu cheti cha tabia njema nilikuwa nacho. Nilikichukua nyumbani kabla ya safari, shilingi 1,050 za Kenya kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali ya Kenya. Shahada yangu ilibidi ilinganishwe na za Uganda, kazi ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, Kyambogo. Nilipomuuliza wakili ofisi yake itanitoza ngapi kwa hilo, akasema nipande taksi niende mwenyewe, nisimlipe yeye kwa kukaa foleni. Nikaenda. Foleni ilikuwepo.

Nisimpambe kupita kiasi. Kuna siku tisa hakupokea simu, na mimi nahesabu siku zangu kama mfungwa. Alikuwa mahakamani, karani akasema, lakini hata ujumbe mfupi? Kisha karani huyohuyo akaandika majina yangu kwa mpangilio tofauti na wa pasipoti, maombi yakarudishwa, tukapoteza karibu wiki. Nilipanda zile ngazi nikiwa nimevimba. Wakili alisikiliza, akamwita karani, wakarekebisha mbele yangu, na gharama za kutembea na fotokopi za mara ya pili akazifuta. Samahani alisema, tena mara moja, bila hotuba.

Kuhusu kufundisha katika kipindi kile, ushauri wake ulikuwa mchungu: niache kuingia darasani mpaka jibu litoke. Shule ikanilipa nusu mshahara kwa shingo upande. Nilikaa nyumbani Nsambya nikisahihisha insha za watoto ambao rasmi sikuwa nawafundisha.

Kibali kilitoka siku nne kabla ya muhuri kuisha. Nilikiona kwanza kwa simu yangu, jikoni, kabla wakili hajajua. Mimi ndiye niliyempigia.

Kwa yule wa bahasha, wakili alimwandikia barua iliyoambatanishwa na rekodi za malipo ya simu, ikimpa siku kumi kabla ya kwenda polisi. Alirudisha laki saba, kwa vipande vya laki na laki mbili, kila mara na maelezo marefu ya matatizo ya nyumbani kwao. Milioni na laki moja iliyobaki nimeisamehe. Niliambiwa naweza kuendelea kuidai, nikapiga hesabu ya ngazi za orofa ya tatu, nikaacha.

Siku ya kuchukua nakala zangu wakili alinikumbusha jambo nililokuwa nimelisikia nusunusu: kibali hiki kimefungwa na shule hii. Nikihama shule, sihami nacho. Wiki iliyopita shule moja ya Entebbe imenipigia. Mshahara ni mzuri zaidi, nyumba wanatoa, na mhasibu wao amenihakikishia kwamba mambo ya kibali yatashughulikiwa. Sijawajibu. Nimeweka laki moja pembeni, na Jumanne napanda ngazi.