Nilivyojifunza kumuuliza mzee habari za chumbani

Ushauri mbovu kuliko wote niliopewa nikiwa mwaka wa tatu wa udaktari ulitoka kwa rejista mmoja, daktari wa ngazi ya juu yetu: "Mambo ya ngono uliza haraka, usimtazame mgonjwa usoni. Na akiwa mzee usijisumbue, hao wameshastaafu." Wenzangu waliandika kwenye madaftari yao.

Nikaufuata. Kliniki ya kisukari, mzee wa kanzu na kofia, shikamoo yangu kaiitikia vizuri, macho na miguu tumeshamaliza. Nikainamia faili nikafyatua: "Unashiriki ngono?" Mzee akasema astaghfirullah, akasimama, akauliza kwa sauti kama hapa hapana daktari mtu mzima. Pazia halizuii sauti, jamani. Upande wa pili mama mmoja alicheka hadi akapaliwa. Nesi akaja kunitoa. Jioni nikakuta faili la yule mzee limejazwa, na penye habari za ndoa pameandikwa "hana tatizo". Nani alimuuliza?

Aliyenifaa ni mwenzangu wa chumba, mtu wa Tanga, aliyechezwa unyago kwao. Akaniambia somo yake, yaani kungwi aliyemfunda, hakuwa akimuuliza jambo uso kwa uso. Alianza na visa vya mwanamke fulani asiyejulikana ni nani, kisha akanyamaza mpaka mwari mwenyewe aseme. Basi tukafanya mazoezi. Yeye alijifunga kanga kichwani akawa mzee, mkali, kiziwi kidogo, anayekohoa kila nikikaribia neno lenyewe. Malipo yake chipsi mayai, elfu tatu nne hivi kila jioni, na pilipili alitaka ya ziada.

Mwisho nikapata maneno yangu: "Baba, sukari ikikaa mwilini muda mrefu huharibu mishipa ya damu na ya fahamu. Wababa wengi hapa hunieleza kwamba usiku mambo si kama zamani. Kwako wewe hali ikoje?" Halafu unafunga mdomo. Hapo kwenye kunyamaza ndipo wengi wanaharibu. Na mlango uwe umefungwa, siyo pazia.

Mzee wa kwanza niliyemjaribia alisogeza kiti. "Mwanangu, jogoo hapandi mtungi." Kisha yakafuata yote: vumbi la Kongo, vidonge vya sildenafil, vile vya kumsimamisha jogoo, kutoka duka la dawa bila cheti, na mfukoni vidonge vya naitreti vya kuweka chini ya ulimi kifua kikimbana. Sildenafil na naitreti vikikutana, presha inaweza kuporomoka mtu akafa. Wala si hilo tu: mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, huziba mapema, kwa hiyo kushindwa kitandani kunaweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka kadhaa. Hao ndio eti wamestaafu.

Mwaka huo tulikuwa na wanafunzi wa Ujerumani waliokuja kwa mafunzo ya vitendo. Mmoja alitaja kila kiungo bila kupepesa macho, nikamwonea wivu. Tulipofika kwa mama mmoja wa hijabu akataka nimuulize ana wapenzi wangapi. Nilivyotafsiri ni siri yangu. Lakini huyohuyo aliamini, kama wengi wetu, kwamba kizinda kikitazamwa kitaonyesha nani bikira. Shirika la Afya Duniani na wenzake walishatamka mwaka 2018 kwamba kipimo hicho hakina msingi wa kisayansi.

Anayedhani ujinga huu ni wa kwetu tu amsome mtafiti Greenbank. Mwaka 1961 alichapisha uchunguzi wa chuo kimoja cha udaktari cha Philadelphia: nusu ya wahitimu waliamini kwamba mara nyingi kupiga punyeto huleta wazimu, na mwalimu mmoja kati ya watano aliamini hivyo pia. Baadaye daktari wa akili wa Marekani, Harold Lief, na mwenzake Reed walitunga mtihani wa mambo ya ngono unaopima maarifa mbali na mtazamo mbali, maana mwanafunzi anaweza kufaulu kimoja akaanguka kingine. Muhimbili nao, pamoja na Chuo Kikuu cha Minnesota, wameshajaribu mtaala wa afya ya ujinsia kwa wanafunzi wa udaktari, uuguzi na ukunga. Sisi tulikuwa na chipsi mayai.

Vijana usiwaite baba, watajihisi wanahojiwa na shangazi. Kwa kina mama anzia kwenye ukavu na maumivu.

Yule rejista siku hizi ananiletea wagonjwa wake. Asante bado hajasema.